Vijembe vya Mafungu Matatu

Mwaka ule tulikula ming'oko. Asubuhi ming'oko, mchana ming'oko, na jioni tukisema leo tubadilishe, tunaichemsha kwa chumvi nyingi zaidi. Asiyeijua, ming'oko ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole vya mchawi. Unaichimba mpaka kiuno kinaomba talaka, kisha unaimenya kwa meno huku unakula. Mto Ruvuma ulikuwa umekula mpunga wetu wa bondeni pale Kitaya, panya wakala mbegu, na sisi tukala kilichobaki. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Wenye kalenda watajua ni upi, kalenda yangu mimi ni tumbo.

Nilikuwa bibi mwenye nguvu bado, na nilikuwa na mjukuu mmoja wa kike, miaka minne, ambaye mama yake alikuwa ameolewa tena ng'ambo ya mto akaniachia. Mume wangu alikuwa hai, ila ni mtu wa kukaa kimya, kwa hiyo tusimhesabu. Elimu yangu ni ya ngumbaro, kile kisomo cha watu wazima. Nilijifunzia ndani ya ghala la korosho, nimekaa nyuma kabisa kwa sababu nilikuwa naongea. Mwalimu alisema nina kichwa kizuri, tatizo kimefungwa karibu mno na mdomo.

Na mdomo ndio ulikuwa mali yangu. Wenzangu wana mikorosho, mimi nina vijembe. Siku za ngoma ya unyago, wanawake wa upande wa mtoni wanaposimama uso kwa uso na wa upande wa barabarani kutupiana maneno, mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa mbele. Kisimani pia nilikuwa nikiitwa mbele, au nilikuwa najiita.

Watu walidhani vinanijia tu. Havikunijia. Nilivitengeneza wakati wa kutwanga. Nilikuwa na mafungu matatu kichwani. Fungu la kwanza la mwili: kisogo, meno, kitovu, miguu. Fungu la pili la mwendo: wa kaa, wa bata, wa panzi. Fungu la tatu la mwisho, na hapo ndipo penye sumu: kazi yake, pishi lake, usingizi wake. Mchi ukipanda natwaa moja hapa, ukishuka natwaa moja pale, ukipanda tena natwaa la tatu, naunga. Sichagui, naunga tu. Mengi yalikuwa upuuzi. "Kitovu kama kinu, mwendo wa bata, umechelewa kuvuna ufuta." Hilo halimuumizi mtu, hata bata. Nalitupa pamoja na pumba.

Lililopona hapo nililipima jikoni. Nalisema polepole, kisha nawaza watu wangu: mama, dada zangu, mume wangu yule wa kimya. Likimgusa mmoja wao, nalinyonga hapo hapo. Kwa sababu kijembe kikishatoka hakiulizi huyu ni wa nani. Yaliyobaki nayaweka. Sikujua nitakutana na nani kisimani, lakini yeyote angekuja, lake lilikuwepo.

Sasa, mwaka huo wa ming'oko tulikuwa na nesi mgeni zahanati, msichana wa mikoani, mrefu, mwembamba. Siku ya kliniki nikampeleka mjukuu wangu. Akamvalisha ile kaptura ya mzani, akamning'iniza kama papa anayeuzwa, akasoma, akakunja uso. Baraza limejaa wanawake.

"Mama, huyu mtoto uzito haupandi. Unamlisha nini?"

"Ming'oko."

"Ming'oko tu?"

"Kuna na chumvi."

Wanawake wakacheka. Nesi hakucheka. Akasema, "Mama, ming'oko peke yake si chakula cha mtoto. Na kadi inaonyesha hajapata sindano ya surua. Leo hatuna dawa, umlete Alhamisi."

Hakusema kingine. Nikiyasoma maneno yake leo nikiwa mtu mzima wa kweli, sioni tusi. Lakini siku ile nilikuwa na njaa, na mwenye njaa husikia kila neno kama linaitaja sahani yake. Nikafungua mdomo. Sikupima jikoni, kwani jiko lilikuwa mbali. Nikaunga pale pale mbele ya watu:

"Miguu fito, mwendo wa panzi, kazi yako kutia watoto wa watu homa!"

Lo! Baraza lilitikisika. Wapo waliolia kwa kicheko. Nikamtoa mtoto kwenye kaptura, nikamtia mgongoni, nikaondoka nimeinua shingo kama niliyeshinda kesi.

Nusu ya njia nikasikia sauti mgongoni. "Bibi."

"Nini?"

"Na mimi nina miguu fito."

Nikamwambia wewe yako ni mizuri. Kisha akasema, "Na bibi mdogo wa kisimani. Na yule aliyekufa." Alikuwa anawataja dada zangu, mmoja baada ya mwingine, na mama yangu. Ukoo wetu wote miguu ni fito. Dada yangu mmoja alikuwa amekaa palepale barazani, kumbe ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikaa miezi hasemi na mimi. Nilikuwa nimerusha jiwe likapiga paa la nyumba yangu mwenyewe, na mjukuu wa miaka minne ndiye aliyelisikia likitua.

Alhamisi nikakaa nyumbani. Alasiri nesi akapita na baiskeli, akasimama uani kwangu, mguu mmoja chini. Akasema kwa upole, "Mama, dawa imekuja. Nimekuwekea ya mtoto. Twende."

Kuomba radhi sijui, sikufundishwa ngumbaro. Nikasimama mlangoni nimeshika mchi, nikamjibu: "Sitoki hapa. Hata mlete trekta, sitoki."

Trekta ilikuwa moja tu, ya ushirika, na haikuwa na gurudumu moja la nyuma. Hilo nalo nalikumbuka kwa aibu.

Haukupita mwezi, surua ikaingia. Mjukuu wangu alivimba macho, akatoka vipele mpaka ndani ya kinywa, akakohoa mpaka nikawa nahesabu pumzi. Nilimfungia chumbani, nikafunga dirisha. Siku ya tatu nikasikia baiskeli ikiegemezwa ukutani. Nesi aliingia bila hodi, akamtia mtoto matone mdomoni, akampa dawa, akamfundisha mume wangu namna ya kumnywesha maji kwa kijiko. Mimi nilikuwa jikoni, nimejificha nyuma ya moshi wangu mwenyewe. Nilimsikia mume wangu, yule asiyesema, anasema: "Tusamehe, binti, kwa yale maneno." Nesi akajibu, "Mtoto hakunitukana."

Alikuja siku tano mfululizo. Mtoto akapona, nywele zikamtoka, zikaota tena. Mimi sikusema ahsante. Tangu hapo nikatangaza kijijini kwamba zahanati sikanyagi kwa sababu yule nesi ana dharau. Nikiumwa, nilikwenda mpaka Mahurunga kwa miguu. Watu waliniita mwanamke mwenye msimamo. Msimamo gani? Nilikuwa naona haya, nikaivalisha haya yangu kanga ya hasira.

Miaka ikaenda. Ming'oko ikarudi kuwa kitu cha kutafuna kwa hamu siku mojamoja. Mume wangu akafariki, kimyakimya kama alivyoishi. Na yule miguu fito akawa ndiye fahari yangu, nami siwezi kumtaja bila kuinua sauti: alifaulu, akaenda kusoma mjini Mtwara, akapanga chumba Rahaleo, akaolewa, akaingia chuo cha maabara kusoma mambo ya damu. Kila mgeni aliyekuja kwangu nilimwambia hayo kabla hajakaa. Wengine niliwaambia tena wakati wa kuondoka.

Alipojifungua, mumewe yuko kazini mbali na yeye masomo hayajaisha, akaniletea mtoto, kitukuu wangu wa kike wa miezi minane. Nilikuwa nimekaa nabangua korosho, mikono myeusi. Akatoa kadi ya kliniki, akaiweka mbele yangu kama mwenye kuweka karata ya mwisho.

"Bibi, mwezi ujao anatimiza miezi tisa. Sindano ya surua."

"Mpeleke mwenyewe."

"Nina mtihani."

"Basi jirani atampeleka."

"Mtoto nakuachia wewe, sikumwachia jirani. Kama humpeleki niambie, nirudi naye leo, na chuo niache."

Hakupandisha sauti. Nilijua hatanii, maana ukaidi ule ni wangu, nimemlea nao. Basi nikajitetea kama wajinga wote wanavyojitetea, kwa mfano mmoja: "Wewe hukuchomwa. Uko hai. Una mtoto, na miwani juu."

"Niko hai kwa sababu ya nesi. Na ya mwili."

"Mwili una nini?"

"Una askari wake, bibi, kwenye damu."

"Askari? Askari ninaowajua mimi saa nne asubuhi wamelala."

Akacheka, akatazama kinu changu pale kando. "Basi si askari," akasema. "Ni wewe, mke mwenzangu." Ndivyo tunavyotaniana, bibi na mjukuu wake wa kike. "Ni wanawake wengi kama wewe, kila mmoja na kijembe chake. Bado unayo yale mafungu matatu?"

Nilishangaa anayakumbuka. Kumbe utoto wote alikuwa mgongoni kwangu wakati natwanga, ananisikia.

Akaniambia hivi. Damu haijui kesho itaingiliwa na ugonjwa gani. Yapo mengi mno, na mengine hayajazaliwa. Kwa hiyo haingoji. Ndani ya mifupa, kwenye uboho, zinazaliwa chembe, na kila chembe imerithi mafungu yaleyale ya vipande. Inatwaa kipande kimoja fungu la kwanza, kimoja la pili, kimoja la tatu, inakata, inatupa vya katikati, inaunga. Kisha neno hilo linapewa mwenzi mfupi, neno la pili, ambalo nalo limeungwa kwa mafungu mawili tu. Inaunga bila kuchagua. Na pale kwenye kiungo inaongeza viherufi vyake ovyo, kwa hiyo hata ukitwaa vipande vilevile hupati neno lilelile. Mengi yanatoka upuuzi, na chembe yenye upuuzi inakufa. Iliyofanikiwa inabaki na neno moja tu, hilo hilo, maisha yake yote.

"Moja tu?" nikauliza. "Masikini. Kisimani angeaibika."

"Moja. Lakini wako wengi. Chukua korosho, hesabu: mafungu matatu, kila moja kumi."

Nikapanga korosho kwenye mkeka. Kumi kwa kumi kwa kumi. Nilipofika mahali mkeka ulipokwisha akasema basi, ni elfu, na mafungu ya damu ni makubwa kuliko hayo, bado viungo, bado mwenzi mfupi. Nikazitazama zile korosho kwa kijicho. Maisha yote nilijiona fundi, kumbe kila mjinga mwenye mifupa anafanya kazi yangu bila kujua, na kwa wingi kuliko mimi.

Nikatafuta kosa, maana sipendi kushindwa. "Na ikiunga la kumng'ata mwenyewe? La kumrukia ini lake, au figo?"

"Kuna jiko, bibi. Zinapimwa kwanza palepale zilipozaliwa, na huko nje zinapimwa tena. Inayong'ata mwili wake inapewa nafasi ibadilishe yule mwenzi mfupi. Ikiendelea kung'ata inauawa, au inazibwa mdomo. Mara chache moja inapita bila kupimwa vizuri. Hapo mtu anaumwa kwa maneno ya mwili wake mwenyewe."

Alikuwa amenyoosha miguu kwenye mkeka, na mimi nimenyoosha yangu. Minne, yote fito.

"Kama lile la zahanati," nikasema.

"Mimi sijasema," akasema.

Nikabangua korosho mbili tatu ili nipate pa kuangalia. Kisha nikauliza mtoto anapungukiwa nini, kama naye ana mifupa na mafungu.

"Anayo. Ila kuwa na neno si kuwa tayari. Mwenye neno la surua kwake labda ni mmoja, yuko kona hajui kama anahitajika. Surua yenyewe ikija kwa nguvu, kabla hajatafutwa apatikane, mtoto amekwisha vimba macho. Sindano ni surua iliyong'olewa meno. Inapitishwa mbele yao wote, yule ambaye neno lake linaikaa anaikamata, anaongezeka, wanakuwa wengi. Wanakusanyika kwenye mitoki, zile tezi za shingoni na kwapani, wanalirudia neno, na kila anayerudia anakosea kidogo. Aliyekosea vibaya halimkai adui, anakufa. Aliyekosea likakaa zaidi, ndiye anayeendelea. Wanafanya hivyo tena na tena."

"Kama wimbo wa ngoma," nikasema. "Siku ya kwanza unachoma, siku ya tatu unaua."

"Hivyo hivyo. Na vita vikiisha wengi wanakwenda zao, wachache wanabaki. Wanakaa na neno hilo miaka na miaka."

"Wanafanya nini?"

"Hawafanyi kitu. Wanangoja tu, na mdomo wao. Kama wewe."

Nilimtupia ganda la korosho. Akalikwepa, kisha akasema jambo ambalo halikuwa utani. Akasema mtoto huyu mpaka sasa anaishi kwa maneno ya kuazima, aliyopewa na mama yake akiwa tumboni. Na yeye mama aliyapata kwa kuugua ile surua chumbani kwangu, dirisha limefungwa. Ya kuazima yanakwisha. Kufikia miezi tisa yamekwisha, au karibu. "Basi, bibi. Sina zaidi ya hilo." Kesho yake asubuhi akaondoka akaniachia mtoto na kadi.

Mngetarajia niruke siku ileile mtoto alipotimiza miezi tisa. Sikuruka. Kuelewa ni kitu kimoja, na kupita mbele ya lile baraza ni kingine. Mjukuu alipiga simu. Wakati huo simu za mkononi zilikuwa zimefika, ila kwetu ilibidi upande juu ya kichuguu, na hata hapo unaweza kukamata mtandao wa Msumbiji.

"Umempeleka?"

"Hallo? Mtandao unakatika!"

Mtandao haukuwa unakatika. Nilikuwa nakatika mimi. Nilibaki juu ya kichuguu, mwanamke mzima, simu nimeibana kama niliyeiiba.

Kisha ikaja habari kwamba Mahurunga kuna watoto wawili wenye surua. Nikaangalia kitukuu wangu anatambaa kuelekea kwenye ndoo, anaimba wimbo wake usio na maneno, na nikafikiri: haya, maneno ya kuazima yamebaki mangapi? Nikaoga, nikavaa kanga mpya doti nzima, nikamfunga mgongoni, nikatoka. Njiani kila aliyeniona alisimama. Kijiji kizima kilijua sijakanyaga kule tangu mwaka wa ming'oko. Mwanamke aliyebeba kuni alizitua chini, akageuza njia ili awahi kupeleka habari.

Baraza lilikuwa tupu. Msimu wa korosho, watu wako mashambani. Nesi alikuwa yuleyule, amehamishwa akarudishwa, sasa naye ana mvi na miwani. Miguu bado fito.

"Karibu, bibi," akasema, kana kwamba nilitoka jana.

Nikamkabidhi kadi. Akaisoma, akatikisa kichwa, na si kwa dharau, naapa. "Umechelewa siku kumi na nne. Na leo si siku ya kliniki. Chupa moja ni ya watoto kumi, bibi. Nikiifungua kwa mmoja, jioni namwaga ya watoto tisa, na kwenye friji ninazo mbili tu. Mlete Alhamisi."

Kutoka siku hiyo mpaka Alhamisi ni siku sita. Kutoka Mahurunga mpaka kwetu surua haihitaji siku sita.

Nikafungua mdomo. Mdomo wangu, mali yangu, ulioitwa mbele kwenye ngoma zote za bonde lile. Nikatwaa fungu la kwanza: miguu. Hapana, ni yetu. Meno. Meno yake mazuri. Nikatwaa mwendo. Nikaona mwendo wake anavyoingia bila hodi, siku tano, na matone mkononi. Nikatwaa fungu la tatu, kazi yake. Kazi yake ilikuwa imesimama Rahaleo na miwani, inasoma mambo ya damu. Kila nilichounga kilikuwa kinaning'ata mwenyewe. Yule mwanamke alikuwa ameingia kwenye hesabu ya watu wangu miaka mingi nyuma, na mimi sikuwa na habari. Nikabaki mdomo wazi kama samaki aliyekosa maji, mtoto mgongoni ananivuta sikio.

Kwamba chupa ilifunguliwa ni wazi, maana mtoto yule leo yuko darasa la kwanza, meno ya mbele yameng'oka, na surua haijui. Ilifunguliwa saa saba mchana, nesi alipohesabu migongo barazani ikatimia kumi. Wanawake walikuwa wametoka mashambani mbio na watoto wao, si kwa ajili ya sindano. Walisikia mahasimu wa zamani wamekutana, wakaja kusikiliza ugomvi. Walirudi na watoto wanaolia na bila kijembe hata kimoja. Wapo ambao hawajanisamehe.

Mpaka leo wananiuliza, wewe mwanamke, mlikaa pale saa tatu nzima mmetazamana, ulimwambia nini? Wanadhani nilitunga kipya, naficha. Sikutunga. Nilichimba ghalani nikapata kimoja cha zamani ambacho kilikuwa kinangoja, na ambacho yeye mwenyewe alishakisikia uani kwangu, mguu mmoja chini, mwingine kwenye baiskeli. Najua alikitambua, kwa sababu alivua miwani akaanza kuifuta, na mabega yakamtetemeka kwa kicheko. Nikakaa kwenye benchi lake, nikamshusha mtoto mapajani, nikamwambia:

"Sitoki hapa. Hata mlete trekta, sitoki."